Sam Spade Alikuwa Huru Kwetu Tangu 2012

Tangu Januari 1 mwaka huu wa 2026, habari moja imekuwa ikipita kwa shangwe miongoni mwa wapenzi wa riwaya za upelelezi: The Maltese Falcon, riwaya ya Dashiell Hammett iliyotoka 1930, imemaliza miaka 95 ya kulindwa na hakimiliki nchini Marekani. Baadhi ya waandishi wetu vijana wameipokea kama pingu iliyofunguliwa. Sasa ruksa kuitafsiri, wanasema. Ruksa kumchukua kachero Sam Spade na kumshusha Kariakoo au River Road bila kumwomba mtu. Furaha hiyo naielewa na sitaki kuizima, lakini imesimama juu ya hesabu isiyo yetu. Hammett alifariki Januari 10, 1961. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, zinamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Muda wa Hammett uliisha Desemba 31, 2011. Wa Raymond Chandler, mwandishi mwenzake wa upelelezi aliyefariki Machi 1959, uliisha miaka miwili kabla. Mlango tunaousherehekea mwaka huu ulikuwa wazi kwetu kwa miaka 14, na katika maduka yote ya vitabu ninayoyajua sijawahi kukuta Hammett kwa Kiswahili. Kwa hiyo hatukuwa tumekosa ruhusa. Tulikosa kuamini kwamba hadithi hizi za majarida ya bei rahisi zina jambo la kutufundisha kuhusu namna ya kuandika uhalifu wa miji yetu wenyewe. Naamini zinalo, na ni kubwa.

Niwatendee haki wanaoshangilia. Atakayeuza tafsiri yake kwenye duka la mtandaoni la Marekani anafungwa na sheria ya huko, na kwake Januari ilileta tofauti ya kweli. Riwaya ya kwanza ya Hammett, Red Harvest ya 1929, ilifunguka huko mwaka jana tu, na The Big Sleep ya Chandler, ya 1939, itasubiri hadi 2035. Hili si dogo kwa kijana anayetegemea simu yake kama duka. Hata hivyo wengi wanaomtaja Sam Spade wanamwona mwigizaji Humphrey Bogart: kofia iliyoinamishwa usoni, macho meusi yenye usingizi. Huyo ni wa filamu ya John Huston ya 1941, na huko Marekani filamu hiyo itabaki na mwenyewe hadi mwisho wa 2036. Spade wa kitabuni ana nywele za kahawia iliyopauka, kidevu kilichochongoka kama herufi V, na Hammett anamfananisha na shetani anayependeza kumtazama. Anayetaka kofia bado hajaruhusiwa huko, na mimi nadhani kofia ndiyo sehemu yenye thamani ndogo kuliko zote.

Thamani yenyewe ilizaliwa mahali ambapo hakuna mtu aliyeitarajia. Mwishoni mwa karne ya 19 wachapishaji wa Marekani waligundua kwamba karatasi duni ya rojo la mbao, ile inayokwaruza vidole na kugeuka njano kabla mwaka haujaisha, inaweza kubeba hadithi tupu, bila picha za anasa wala makala za wakubwa, na ikauzwa kwa senti chache. Mnamo 1920 H. L. Mencken na George Jean Nathan walianzisha jarida moja la aina hiyo, Black Mask, kwa sababu moja tu: jarida lao la kifahari, The Smart Set, lilikuwa linakosa fedha. Baada ya miezi michache wakaliuza kwa faida kubwa, na hawakuwahi kujivunia kuwa walilizaa. Miaka mitatu baadaye, 1923, Carroll John Daly na Hammett wakaanza kuchapisha humo hadithi za mpelelezi mgumu, asiye na familia wala mali, anayelipwa kwa siku. Kwa Kimarekani aina hii ilipewa jina la yai lililochemshwa hadi likakakamaa, hard-boiled. Mimi nitaiita hadithi ya kachero sugu. Kuanzia 1926 mhariri Joseph Shaw akaishika kwa mkono wa chuma hadi 1936. Malipo yalihesabiwa kwa neno. Hadithi ya kwanza ya Chandler, ya Desemba 1933, ilimchukua miezi mitano na akalipwa senti moja kwa kila neno. Ukilipa hivyo unamkaribisha mwandishi arefushe. Shaw aliwatendea kinyume: alikata, akadai kila sentensi ifanye kazi, na waandishi wake bora wakakubali kupoteza senti ili hadithi ipate mwendo. Naliweka hili mbele kwa sababu nitalirudia: aina hii ya uandishi imejengwa na mhariri kama ilivyojengwa na waandishi.

Hammett naye alikuja na kitu ambacho Daly hakuwa nacho. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi. Aliingia kampuni ya Pinkerton mwaka 1915, akatoka kwa ajili ya jeshi, akarudi, akaacha mapema miaka ya 1920 mapafu yakiwa yameliwa na kifua kikuu. Kampuni hiyo haikuwa ikitafuta wezi wa vito tu. Wenye migodi na viwanda waliikodi ili kuwavunja wafanyakazi waliogoma. Ndiyo maana Red Harvest haianzi na maiti kwenye maktaba ya jumba la kifahari. Inaanza na mji wa migodi uitwao Personville, ambao wenyeji wanautamka Poisonville, yaani Mji wa Sumu. Mteja aliyemwita kachero anauawa usiku ule ule, kabla hawajaonana. Baba wa marehemu, mzee Elihu Willsson, ndiye mwenye mgodi, benki na magazeti, na watu wa serikali wako mfukoni mwake. Wafanyakazi walipogoma, aliwaita majambazi kutoka nje wawavunje. Mgomo ukavunjika, lakini majambazi wakauonja mji na hawakuondoka. Sasa mzee huyo huyo anamkodi kachero amsafishie mji. Fikiri hapo. Anayelipia upelelezi ndiye chanzo cha uhalifu. Muuaji wa mwanawe anajulikana mapema, na kitabu hakijafika hata nusu, kwa kuwa swali la Hammett halikuwa "nani kaua?" Alikuwa anauliza nani aliujenga mji ambamo kuua ni njia ya kawaida ya kumaliza mazungumzo. Mwishoni mzee anarudishiwa mji wake ukiwa umefagiliwa, tayari kuoza upya, na kachero mwenyewe anakiri kwamba damu imeanza kumlevya.

Chandler aliliweka hilo wazi katika insha yake ya 1944: Hammett aliurudisha uuaji kwa watu wanaoua kwa sababu, badala ya kuua ili hadithi ipate maiti. Kila ninapokumbuka maneno hayo nafikiria kiwanja kimoja chenye hati mbili. Kila mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anakijua kisa cha namna hiyo, hata kama hakikumkuta yeye: wanunuzi wawili, wote wamelipa, wote wana karatasi zenye mihuri, na katikati kuna dalali aliyetoweka na karani asiyekumbuka. Humo mna sababu ya kuua. Mna mteja anayedanganya, mna ofisi yenye faili lililopotea siku linapohitajika, mna mjane anayehamishwa usiku. Kachero mwenye kikuza, anayepima nyayo bustanini, hawezi kuliingia jambo hili, kwa sababu nyayo si siri. Kila mtu mtaani anajua nani alipita. Anahitajika mtu anayegonga milango, anayedanganywa, anayepigwa, anayerudi tena kugonga.

Jambo la pili tunaloweza kujifunza ni lugha, na hapa naomba nikae kidogo. Sura ya pili ya The Maltese Falcon inaanza chumbani, gizani, simu ikilia. Mshirika wa Spade ameuawa na mtu anapiga kumwarifu. Hammett hatuambii kama Spade aliumia, wala kama alishtuka. Hatuambii hata kwamba ni Spade. Tunasikia springi za kitanda, vidole kwenye ubao, kitu kidogo kigumu kinaanguka zuliani, kisha sauti ya mwanamume inajibu kwa maneno machache: amekufa? ndiyo, dakika kumi na tano. Taa inawashwa, na mtu aliyepata habari ya kifo anakaa kitandani kuviringisha sigara, na kila hatua ya kuiviringisha inaelezwa kwa uangalifu, tumbaku inavyomwagwa, karatasi inavyokunjwa, ulimi unavyopita ukingoni. Huzuni yote iko kwenye vidole. Niliwahi kukaa jioni nzima nikijaribu kuiandika kurasa hiyo kwa Kiswahili nikitegemea kushindwa, na nikashangaa jinsi ilivyokubali. Simu ikalia. Ikalia tena. Springi za kitanda zikalalamika, vidole vikapapasa, kitu kikadondoka puu. Kiingereza kinalazimika kuvikata viungo vya mtu na kuvifanya vitende vyenyewe, na msomaji anauhisi ugeni wake. Kiswahili kina ngeli: vidole vina vi- yao, springi zina zi- yao, kila kitu kinatembea na kiambishi chake bila kumsubiri mwenye mwili. Tena tuna -ka-, inayofululiza matendo bila kueleza kwa nini, kama mtu anayetoa ushahidi polisi. Akaketi, akachukua karatasi, akaviringisha. Babu zetu waliosimulia hadithi za Sungura na Fisi walikuwa na chombo ambacho Hammett alikitafuta miaka mingi.

Tatizo letu ni mazoea. Riwaya zetu nyingi za mikasa hazimwamini msomaji. Mhusika akipokea simu mbaya, ataambiwa alipigwa na bumbuwazi, moyo ukamdunda, jasho jembamba likamtoka, machozi yakamlengalenga, yote katika sentensi moja, na mwandishi akiwa hajaridhika ataongeza kwamba hakuamini masikio yake. Sisemi misemo hiyo ni mibaya. Nasema imechakaa kwa kutumiwa mahali ambapo kimya kingesema zaidi, na hakuna shule bora ya kimya kuliko kumtafsiri mwandishi aliyekitumia.

Sasa hoja za upande wa pili. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo isikikayo zaidi: kwamba hivi ni vitabu vya ovyo, vya kupitishia muda kwenye basi, na kwamba vinawafundisha vijana uhalifu. Vyuoni hoja hii huvaa joho, ikaitwa tofauti ya riwaya pendwa na riwaya dhati, na kwenye sebule inabaki kuwa mzazi anayemnyang'anya mtoto kitabu chenye bastola jaladani. Kuhusu kufundisha uhalifu, mtu atakayesoma habari za Poisonville atajifunza kwamba wanaofaidi uhalifu hawashiki bunduki; sijui jambazi gani angetaka hilo lifahamike. Kuhusu uovyo, ni kweli kwamba sehemu kubwa ya yaliyochapwa kwenye karatasi ile ya njano yalistahili kufungia karanga. Daly mwenyewe, aliyetangulia, leo hasomeki kwa raha. Lakini hatupimi aina ya uandishi kwa takataka zake, la sivyo hakuna utenzi wala tamthilia itakayosalimika. Na wenye kudai tafsiri ni kwa ajili ya vitabu vizito tu wakumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, alipomtafsiri Shakespeare mnamo 1963, alichagua mchezo wenye mauaji ya kisiasa katikati, visu na njama zikiwa mbele ya macho ya watu.

Hoja ya pili ina uzito: tunao wetu, ya nini kuagiza? Tunao kweli, na nawapenda. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, yuko nasi tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Faraji Katalambulla alitupa mauaji ya mjini mwaka 1965. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa waliwafanya watu wa rika langu wasome chini ya meza wakati wa somo la hesabu. Nakala niliyoisoma mimi haikuwa na jalada wala kurasa tatu za mwisho, na darasa zima tuligombana kuhusu namna ilivyoisha. Tazama lakini walikotoka. Bwana Msa ni mjukuu wa Sherlock Holmes. Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali, na adui zake kwa sehemu kubwa ni makaburu na mawakala wa mabeberu. Katika miaka ya vita vya ukombozi hilo lilikuwa na maana, na silibezi. Ila uovu ukija daima kutoka nje ya mpaka, mji wenyewe unabaki safi, na serikali iliyomtuma shujaa haiulizwi kitu. Joram Kiango ndiye aliyekaribia zaidi njia ya kachero sugu, kwa kuwa hana mwajiri na hana budi kuvutana na Inspekta Kombora. Naona alikuwa anaelekea mahali ambapo wachache waliomfuata walifika. Kwa hiyo kuwa na wetu si sababu ya kutotafsiri. Ndiyo inayotupa haki ya kuchagua tunachokikosa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua, na sina jibu jepesi. Hadithi hizi zilibeba dharau za wakati wake. Wanawake wengi humo ni mtego au ni maiti. Wachina, Wafilipino, Weusi, wanaume wanaopenda wanaume, wote wanaandikwa kwa kebehi ambayo msomaji wa leo inamchoma. Mwaka ule wa 1923 Black Mask ilitoa toleo zima kuhusu Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, likiwakaribisha waliowaunga mkono na waliowapinga kana kwamba ni mjadala wa kawaida. Mtafsiri afanye nini? Wapo watakaosema afute. Mimi nadhani kufuta ni kudanganya, na msomaji wa Kiswahili si mtoto. Amesoma vitabu vya wakoloni vilivyomtukana yeye mwenyewe na akajua la kuchukua na la kuacha. Lakini nakubali kwamba kuna kurasa ambazo nisingependa kuzitia mkononi mwa mtu bila neno la utangulizi, na utangulizi huo uandikwe na mtu anayeijua historia ya Marekani vizuri.

Jibu bora kwa hoja hiyo lilitolewa Paris. Mwaka 1945 Marcel Duhamel alianzisha katika shirika la Gallimard mfululizo wa vitabu vya mauaji, Série noire, akawatafsiria Wafaransa wenzake Wamarekani hawa, Hammett na Chandler wakiwemo. Wakosoaji wa huko wakaviona vitabu na filamu hizo kwa jicho ambalo Wamarekani wenyewe hawakuwa nalo. Hata jina ambalo dunia nzima inaziitia filamu hizo, film noir, ni la Kifaransa. Kisha likatokea lisilotarajiwa. Chester Himes, mwandishi Mweusi aliyeanza kuandika akiwa mfungwa katika gereza la Ohio, alihamia Ufaransa mwaka 1953. Duhamel alikuwa ameshamtafsiri riwaya moja. Akamwomba amwandikie hadithi ya upelelezi kwa ajili ya mfululizo ule. Himes akaandika Harlem, na wapelelezi wawili Weusi, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, wakali kwa watu wao na wakali zaidi kwa mabwana zao. Mwaka 1958 kitabu hicho kikapata tuzo kubwa ya Ufaransa ya riwaya za upelelezi. Aina ile ile iliyomtukana mtu Mweusi ilipata Mweusi wa kuigeuza ndani nje, na aliyemfungulia njia alikuwa mtafsiri mwenye mfululizo, ofisi na pesa ya kulipa. Tafsiri ilimzalia Ufaransa msomaji, msomaji akamzalia Himes kazi.

Ndiyo maana naogopa namna tunavyouelewa uhuru wa mwaka huu. Wapo watakaoubandika mswada mzima kwenye programu ya kutafsiri usiku, na asubuhi wauze "riwaya mpya" yenye Kiswahili cha maelekezo ya dawa. Sheria haiwazuii. Kitakachokufa ni kile kile nilichokieleza kuhusu vidole na sigara, kwa kuwa mashine inapokutana na kimya huwa na tabia ya kukijaza. Wakati huohuo majarida yetu ya rojo la mbao yapo na yako hai. Hadithi za "itaendelea" zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, ya pili baada ya kutuma mia tano kwa simu, zina wasomaji waaminifu, zina waandishi wanaoandika kila siku ili wale, na zina uchafu na uhai ule ule wa Black Mask. Zinakosa Joseph Shaw. Mtu wa kukata, wa kurudisha sura, wa kusema hapa mhusika wako analia mno. Anayetaka kuutumia uhuru huu vizuri angeanza na mhariri na watafsiri wawili, hadithi fupi moja kila wiki, maneno elfu tano tu, walipwe kwa neno lililobaki baada ya kukatwa.

Na asingoje tangazo kutoka Marekani. James M. Cain, aliyeandika habari za wauaji bila kachero kabisa, mke na mpenzi wake kwenye mgahawa wa kando ya barabara California, alifariki mwaka 1977. Huko Marekani riwaya yake ya kwanza, ya 1934, itafunguka 2030. Kwetu kazi zake zote zinafunguka Januari 1, 2028. Ni muda wa kutosha kuitafsiri kwa utulivu, kuikata, kuisoma kwa sauti, kuikata tena, na kuwa nayo mkononi siku hiyo asubuhi.